Kipanya Chepesi: Jaribu Kabla Hujatoa Hela

Kwanza tuelewane. Kipanya tunachokisema leo siyo lile gari dogo la abiria linalokubana magoti mpaka ufike. Ni kile kidude cha kompyuta unachokisukuma mezani na kukibofya. Kilitengenezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1964, katika kundi la Douglas Engelbart, kikiwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Kiliitwa hivyo kwa sababu ya waya wake uliofanana na mkia. Siku hizi mkia umekatwa, mbao zimekwisha, na vijana wanaocheza gemu wanashindana nani ana kipanya chepesi zaidi.

Labda na wewe umeshaambukizwa. Umeona washkaji Kilwa Masoko au Lindi mjini wakicheza gemu za kulenga shabaha, na mmoja wao akasema ati anashinda kwa sababu kipanya chake hakina waya na ni chepesi kama unyoya. Sasa unadunduliza hela. Hela hiyo huenda ni ya kubangua korosho wakati wa likizo, au ya kumsaidia mjomba kupakua samaki. Siyo hela ya mchezo, ingawa ni ya kununulia mchezo. Basi hebu tukipime hicho kipanya sawasawa. Tuanze na mkono wako, maana kipanya kingine utakipata, mkono wa pili wa kulia huupati.

Je, wepesi una maana gani?

Kipanya cha kawaida cha ofisini kina uzito wa gramu 80 mpaka 100 hivi. Logitech G305, kilichotoka mwaka 2018, kina gramu 99 kikiwa na betri yake moja ndogo ya mviringo. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilitoa G Pro X Superlight chenye gramu chini ya 63. Razer nao mwaka 2022 wakaleta Viper V2 Pro cha gramu 58. Ukitaka kujua gramu 60 zikoje, shika yai moja la kuku wa kisasa. Yai zima, na ganda lake. Ndiyo uzito wenyewe.

Kwa nini mtu ajali gramu 40? Kwa sababu katika gemu za haraka unakisukuma kipanya, unakisimamisha ghafla, unakinyanyua, unakirudisha katikati, halafu unaanza tena. Utafanya hivyo mamia ya mara kwa saa moja. Kila unapokisimamisha, misuli ya mkono ndiyo inayofunga breki. Kikiwa chepesi, breki ni ndogo. Hapo wauzaji wanasema kweli.

Lakini hawakwambii kwamba wepesi si dawa. Kipanya cha gramu 58 kisichoenea mkononi mwako kitakuchosha kuliko cha gramu 99 kinachokukaa vizuri. Kikiwa kidogo mno, vidole vinajikunja kama kucha za kaa na kubaki hivyo saa nzima. Kikiwa kipana mno, unakibana kwa nguvu ili usikiangushe. Kwa hiyo umbo kwanza, uzito baadaye. Mimi hapa sibishani na mtu.

Nyosha kiganja chako. Pima kwa rula ya shule kuanzia ule mstari ulio chini ya kiganja, pale kinapoungana na kifundo cha mkono, mpaka ncha ya kidole cha kati. Andika namba hiyo. Kisha pima urefu wa kipanya. Wengine hukilalia kwa kiganja chote, na hao huhitaji kipanya kirefu chenye mgongo. Wengine hukishika kwa ncha za vidole tu, nao hupenda kifupi. Hakuna mshiko ulio sahihi kuliko mwingine, ila kuna mshiko wako. Na kama unatumia mkono wa kushoto, angalia kwamba pande zote mbili za kipanya zinafanana. Vipanya vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia tu, wala usikubali kuambiwa “utazoea”.

Mkono unasemaje?

Mbele ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, mfano wa mfereji. Ndani yake unapita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Pamoja nao zimebanana kano zinazokunja vidole. Ukikaa muda mrefu umekunja kifundo kwenda juu au pembeni, nafasi ile inapungua. Kano zikivimba, mshipa unabanwa. Hapo unaanza kusikia ganzi au vidole kuchomachoma, hasa usiku ukiwa umelala.

Tuseme ukweli: ushahidi kwamba kipanya peke yake kinaleta ugonjwa huo siyo mzito. Ila maumivu ya mkono na bega kwa kurudiarudia kitendo kilekile, tena ukiwa umekaa vibaya, yapo na yanajulikana. Na sisi wa pwani mkono wetu hauanzi kazi kwenye kompyuta. Umeshakuna nazi mbili kwenye mbuzi tangu asubuhi. Umeteka maji, umelima, umefua. Jioni unauketisha mezani ucheze saa tatu mfululizo, halafu unashangaa unalalamika! Dada zetu ndio wanaoongoza hapo, maana kazi za mkono za nyumbani huwaangukia wao.

Kwa hiyo jaribio la kwanza la kipanya chochote, cha bei kubwa au ndogo, lifanyike umekaa. Kiti kiwe cha kufaa, miguu ikanyage chini, kiwiko kikunjike kama pembe ya daftari na kiegemee kitu. Shika kipanya. Je, kifundo chako kimenyooka? Mtu akiweka rula juu ya mkono wako, kutoka nyuma ya kiganja mpaka katikati ya mkono, inalala bila kuning’inia? Kama sivyo, shusha meza au panda juu kidogo. Mto mgumu wa kukalia unaweza kufanya kazi ambayo hela yako yote isingeifanya.

Kuna namba nyingine inayogusa mkono, nayo inaitwa DPI. Inakwambia kishale kitasogea hatua ngapi kwenye kioo kila unaposogeza kipanya inchi moja. Ukiiweka 800, ni hatua 800. Ukiipandisha sana, mwendo mdogo wa kifundo unarusha kishale upande wa pili, na kifundo ndicho kinachofanya kazi yote. Ukiiteremsha, inakubidi usogeze mkono mzima kutoka begani. Bega lina misuli mikubwa, linastahimili zaidi. Lakini hapo tena unahitaji meza yenye nafasi, siyo kona ya meza ya chakula iliyojaa vyombo. Anza na 800, uisikilize kwa wiki moja.

Namba za kwenye boksi

Boksi litakutishia kwa namba. DPI 25,000! Sikia, karibu hakuna anayecheza kwa DPI hiyo, kishale kingekimbia kama kuku aliyefunguliwa. Namba inayofuata ni ile ya mara ngapi kipanya kinazungumza na kompyuta. Cha kawaida huzungumza mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Cha gemu huzungumza mara 1,000, yaani kila milisekunde 1. Vingine vimefika mara 8,000. Sasa jiulize: kioo chako ni cha namna gani? Vioo vingi vya kompyuta zetu, hasa zile za mitumba, hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, takribani kila milisekunde 17. Kutoka 125 kwenda 1,000 unaweza kuhisi kidogo. Kuanzia hapo kwenda 8,000 unalipia kasi ambayo kioo chako hakiwezi kukuonyesha, betri inaisha upesi, na kompyuta ya zamani inaweza kuanza kukwamakwama.

Kisicho na waya kina njia mbili za kuongea na kompyuta. Ya kwanza ni kupitia kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, ya pili ni Bluetooth. Kwa gemu tumia kidude. Bluetooth ni nzuri kwa kuandika insha na kuokoa betri, lakini huchelewa.

Tukija kwenye sensa (siyo ile ya kuhesabu watu), hii ni kamera ndogo chini ya kipanya inayopiga picha za meza maelfu ya mara kwa sekunde ikisaidiwa na kitaa kidogo. Ndiyo maana meza ya kioo huichanganya. Mkeka pia huichanganya kwa yale matuta yake. Kitambaa kizito kilichotandazwa bila mikunjo kinatosha kabisa.

Unaweza kuijaribu bila mtaalamu. Katika kompyuta, zima kwanza ile sehemu inayoongeza mwendo wa kishale unapoharakisha. Weka kishale juu ya alama yoyote kwenye kioo. Laza rula pembeni ya kipanya, kisogeze sentimita 10 polepole, kisha kirudishe mwanzo kwa kasi. Kishale kikirudi karibu na alama, sensa ni nzima. Kikiishia mbali kila unaporudia, mrudishie mwenyewe kipanya chake. Halafu bofya mara 50 upande wa kushoto. Kikibofya mara mbili wakati wewe umebofya mara moja, swichi imechoka.

Bahari nayo haipendi vyuma

Kuna vipanya vilivyopunguzwa uzito kwa kutobolewa matundu mgongoni kama sega la nyuki. Glorious Model O cha mwaka 2019 kilikuwa hivyo, ingawa chenyewe kilikuwa na waya, na kilifika gramu 67. Wanaovipenda wanasema vinapitisha hewa, kiganja hakitoki jasho. Kwa joto la Kilwa mwezi wa Februari nawaelewa. Lakini kwetu upepo unaleta chumvi na mchanga laini, na chumvi ikipata unyevu hula shaba za ndani. Mimi ningechagua kisicho na matundu, nivumilie gramu tano za ziada. Kiganja utakipangusa kwa leso.

Betri nayo ifikirie kwa umeme wa kwenu. Cha kuchaji unaweza kukichomeka kwenye kompyuta au power bank ukaendelea kutumia. Cha betri ya kubadilisha utaihitaji dukani, ila kinadumu muda mrefu. Betri ya kawaida ya namna hiyo ina gramu kama 23. Ile ya lithiamu ya saizi hiyohiyo ina gramu 15, kwa hiyo umepunguza gramu 8 bila kununua kipanya kipya.

Wengi mtaagiza Kariakoo, kilometa kama 300 kutoka Kilwa na zaidi ya 400 kutoka Lindi. Kurudisha bidhaa mbovu kwa njia hiyo si mchezo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na mizigo ikalala njiani. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji apige video kipanya kikiwa juu ya mizani ya jikoni na kikijaribiwa. Omba risiti yenye jina la bidhaa na muda wa dhamana. Jina kubwa kwa bei ya kutupa, boksi lenye herufi zilizokosewa, hiyo ni feki, na Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya bidhaa bandia.

Ukishakipata, cheza dakika 30 hadi 40 kisha simama, nyosha vidole, tazama mbali baharini ukipenda. Umri wako unahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10 kwa usiku, na kipanya chepesi hakikulipii ulizokosa. Ganzi ikikujia usiku, au ukaanza kuangusha kalamu, usiukaze mkono kwa kitambaa, usichue kwa nguvu. Pumzisha mkono. Ikipita wiki mbili bila nafuu, nenda zahanati au kituo cha afya ueleze ni vidole vipi hasa, maana hilo ndilo daktari atakalouliza kwanza. Kama kidato cha nne kimekaribia, usingoje hata hizo wiki mbili.

Na kile kidude cha USB, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Vipanya vingi vina kijumba chake chini, karibu na betri. Kirudishe humo kabla hujafunga begi, kwani kikidondoka mchangani pale ufukweni Kivinje hukioni tena, na vya aina nyingi haviuzwi peke yake.