Wanasarakasi Nao ni Wafanyakazi

Wako watu wadhanio kwamba sarakasi ni mchezo wa kupitisha wakati tu. Sisi hatukubaliani nao. Katika miaka ya 1960 Taifa letu lilipeleka vijana China kujifunza kazi hiyo, na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 kiliifundisha.

Tumewaona vijana wa kikundi kimoja wakitoka Musoma kwenda Butiama, kisha Bunda: mikeka na ngoma juu ya lori, usiku kulala sakafuni darasani, alfajiri kunyoosha viungo kabla ya uji. Jioni huyu husimama juu ya mabega ya yule, na watoto hushangilia. Lakini mguu ukiteguka hakuna wa kulipia matibabu, kwani kiingilio chote kimekwisha kwa mafuta ya gari.

Twawaomba viongozi wa wilaya: mnapowaalika katika sherehe za serikali, wapeni malazi na mkataba wa maandishi. Wasaidieni pia nauli ya kivuko cha Kisorya, ili ndugu zetu wa Ukerewe nao wawaone.

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa wako kwao.