Baridi ya Julai na Watu wa Baiskeli wa Manika

Mpiga picha wa kigeni akifika Kolwezi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, hakosi kuondoka na picha mbili. Ya kwanza ni ya kijana wa mashimoni mwenye vumbi jekundu usoni. Ya pili ni ya mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa alfajiri ya Julai, mgongo umepinda, pumzi inaonekana mbele ya kinywa. Chini yake yataandikwa maneno machache kuhusu ufukara wa Kongo, kisha mwenye kamera atapanda gari lake lenye vioo vyeusi na kwenda zake Lubumbashi.

Sina ugomvi na neno ufukara, maana tunao wa kutosha. Ugomvi wangu ni kwamba mtu huyo wa baiskeli huonyeshwa kana kwamba hana adabu yake, hana ufundi wake, hana fahari yake, ana shida tu. Mlinganishe na wengine: mwaka 2013 mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, ulikaribisha kongamano la kimataifa la watu wanaoendesha baiskeli wakati wa theluji. Walikuja wahandisi na mameya kujifunza jinsi Wafini wanavyosafisha njia za baiskeli ili watu waende kazini na watoto waende shule juu ya barafu. Hakuna aliyewaonea huruma. Waliitwa watu wa kuigwa, na mimi naona walistahili. Najua nitakachojibiwa: Mfini ana basi lenye joto na amechagua baiskeli kwa hiari, wetu hana la kuchagua. Sawa. Lakini tangu lini heshima ya mtu ikapimwa kwa vitu alivyoviacha nyumbani?

Wasioijua nchi yetu watashangaa hata kusikia habari ya baridi. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika Juni na Julai, mbingu ikiwa wazi bila wingu hata moja, joto lote la mchana hupotea usiku. Alfajiri kipimo hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Huko juu kwenye uwanda wa Manika, uliotupa jina la komuni yetu, na kule kwenye uwanda wa Biano, umande huganda juu ya nyasi hadi nyasi zikawa nyeupe, na zikikanyagwa zinalia. Theluji hatuna. Tuna chuma cha usukani kilicholala nje usiku kucha, ambacho ukikishika kwa mkono mtupu unatamani kuwa na mikono ya mtu mwingine.

Ndiyo maana soksi kuukuu huvaliwa mikononi. Kurasa za gazeti, au karatasi ya mfuko wa saruji, huingizwa chini ya sweta mbele ya kifua, kwa sababu upepo wa mteremko hupenya sufu lakini karatasi haupiti. Grisi ya mnyororo huwa nzito, pedali zinakataa, na mwenye busara huisukuma baiskeli kwa miguu mpaka damu ichemke ndipo apande. Mama wa nyumba huwa amekwisha kuamka. Chai ya moto yenye sukari nyingi, viazi vitamu vya jana vilivyopashwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na mtu anaondoka jua bado halijachomoza.

Njiani kuna salamu, na hapa ndipo mgeni asipoona kitu kabisa. Ukimkuta mtu mzima kwenye baiskeli, humpiti kimya kama unayempita mbuzi. Unapunguza mwendo, unakwenda sambamba naye.

"Jambo baba. Mulilala muzuri?"

"Tulilala, aksanti. Baridi iko mingi."

"Na batoto?"

"Beko."

Hapo ndipo unaruhusiwa kukanyaga pedali na kumwacha. Akiwa ni mzee wa heshima, au baba mkwe, Mungu akusaidie, unateremka kabisa, unaisimamisha baiskeli upande, unasalimia kwa mikono miwili. Kumsalimu mkwe ukiwa umekaa juu ya kiti, magoti yanapanda na kushuka, ni tusi ambalo litazungumzwa kwenye kikao cha ukoo.

Heshima hii ya mtu wa baiskeli haikuzuka hivi hivi. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi na familia zao kambini, na Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Unga ulikuwa posho ya kampuni. Hospitali, shule, koleo, kofia, vyote vya kampuni. Baiskeli peke yake mtu aliinunua kwa akiba yake, akaandikiwa jina lake, akailipia kodi ya serikali na kufungiwa kile kibati chenye mwaka. Siku ya kustaafu nyumba ilirudishwa, funguo zikatolewa, na baiskeli ikaenda na mwenyewe kijijini. Kilikuwa chombo cha kwanza ambacho mtu wa kambi aliweza kusema ni changu bila bosi kukohoa. Ndiyo maana ilifutwa kwa kitambaa kila Jumapili kabla ya misa, ikavalishwa vikinga matope vya mpira vyenye maua nyuma ya magurudumu, na katika familia nyingi ikawekwa kwenye mahari pamoja na mablanketi. Bibi yangu upande wa mama aliolewa kwa baiskeli, na hakuacha kuwakumbusha wake wenzake kwamba mahari yao ilikuwa mbuzi tu.

 

Kisha Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, ikafilisika polepole. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo wakaondoshwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mafundi wa umeme na makarani waliingia porini kukata miti na kuchoma makaa, na baiskeli iliyokuwa ikiwapeleka kiwandani ikabeba magunia. Mgeni anaona gunia. Haoni kwamba mzigo ule umefungwa na fundi: magunia mawili yamesimama kando ya gurudumu la nyuma, jingine limelala juu, yote yamekazwa kwa vipande vya tyubu vilivyokatwa kwa urefu, na fimbo imefungwa nyuma ya kiti ili mtu asukume kwa bega huku mkono mmoja ukiongoza. Kwenye mteremko kandambili ya tairi hugandamizwa juu ya gurudumu, ndiyo breki. Wanatoka porini usiku, kwa kundi, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuinua mzigo ulioanguka. Ikianguka ya mmoja, wote wanasimama. Atakayepita bila kusimama, kesho yake tairi likipasuka hatapata pampu ya mtu.

Pampu! Zamani hewa ya pampu haikuuzwa. Fundi aliketi chini ya mwembe, tairi bovu limetundikwa tawini liwe alama, bakuli la maji mbele yake la kutafutia tundu, na pampu imeegemezwa shinani. Unapiga mwenyewe, unashukuru, unaondoka. Kiraka kililipiwa, hewa ilikuwa ya Mungu. Pembeni mama mmoja anauza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa kikombe, na habari zote za vitongoji vya Luilu, Kapata na Musonoi unazipata hapo kabla redio haijazitoa.

Leo hewa ni ya kulipia, na fundi mwenyewe kwa kweli ni fundi wa pikipiki. Simlaumu, pikipiki ndiyo inayomlisha. Vijana wa pikipiki wanapita bila salamu, na hata wangetaka kusalimu, kwa mwendo ule wangemsalimu mtu wa nyuma. Baya zaidi ni malori. Tangu makampuni yalipomiminika baada ya sheria ya migodi ya 2002, barabara ya kwenda Likasi imejaa magari marefu yenye shaba na kobalti, na mtu wa baiskeli amesukumiwa kwenye changarawe. Wakati wa kiangazi vumbi linamfanya asione. Mvua zikianza, matope yanamtupa, na huo ndio utelezi wetu, ambao Wafini wa Oulu wangeuelewa mara moja. Kuendesha watu wawili sambamba ili kuulizana habari za watoto sasa ni kujitafutia kifo.

Usiniambie kwamba hakuna fedha ya kumtengea njia. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa kutoka huku Lualaba, na nyingine huishia ndani ya betri za baiskeli za umeme ambazo Ulaya zimetengewa njia zake, zenye taa na rangi. Sisi tunaomba mita moja na nusu tu ya lami kando ya barabara, iliyotengwa kwa ukingo ambao lori haliwezi kuupanda. Mkuu yeyote atakayeileta atapewa salamu ya mkwe, ya mikono miwili.