Madoa ya utomvu kwa pikipiki ya koperative

Wandugu wanamemba, miembe ya Kasongo na Kabambare tunaijua. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa wakati wa Tippu Tip, karne ya 19, ndio waliieneza sana kwenye njia zao. Mpaka leo chini yake ndipo tunafanyia mikutano, tunapimia mupunga na karanga, na ndipo pikipiki ya koperative inalala. Asubuhi tanki imejaa madoa.

Wengi wanakimbilia esansi. Hapana! Esansi inaweza kuondoa doa, lakini inakula rangi pia, zaidi rangi ya kupuliza. Tena injini ikiwa ingali moto, ao mutu anavuta sigara pembeni, munaweza kuunguza chombo na mutu. Lutuku kali nayo inaharibu rangi, hata kama wenye kuinywa hawatakubali. Mchanga na majivu tuachie masufuria: vinakwaruza, maji inaingia, kutu inaanza, na siku moja tanki inatoboka katikati ya safari na magunia juu.

Dawa iko jikoni: mafuta ya mawese. Utomvu wa mwembe hauchanganyike vizuri na maji, lakini mafuta yanaulainisha. Kwanza mwanga maji mengi, vumbi litoke. Weka kitambaa chenye mafuta ya uvuguvugu juu ya doa, ngojea dakika 10 ao 15, pangusa pole pole. Doa la zamani, rudilia mara 2 ao 3, kisu hapana. Kisha sabuni, maji, kitambaa kikavu. Mafuta yasiguse freni wala mipira! Na unawe mikono, kwa sababu utomvu mubichi unaunguza ngozi na macho.

Lakini kuko madoa ambayo si utomvu. Ukiona matone madogo yenye kunata kama sukari, kisha yanakuwa meusi kama masizi, hayo yanatoka kwa vidudu vyenye kunyonya majani. Sabuni na maji vinatosha kwa pikipiki. Kwa mwembe, kazi ingali: geuza majani uangalie chini yake, fuata mistari ya sisimizi, maana wanavilinda vile vidudu kwa ajili ya utamu wake. Majani yakifunikwa na weusi ule hayapate jua vizuri, na mti unazaa kidogo. Kata matawi yaliyoshambuliwa sana, uyachome mbali na depo.

Pikipiki nayo ihamie chini ya paa.