Fagio la adhabu

Hebu niambie mshkaji, shuleni ulishika fagio lini? Mimi ni kila nilipochelewa namba. Ukipiga kelele darasani, mwagilia miti! Kuna mwarobaini niliumwagilia wiki nzima huku nikiutukana kimoyomoyo. Nilipomaliza Form Four nikaapa: fagio na mimi basi.

Matokeo yake? Masika yaliyopita maji yaliingia chumbani mpaka kwenye godoro. Mtaro wa mbele umejaa chupa za plastiki, na nyingine, siwafichi, nilitupa mwenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, chupa zimebaki.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1991, hapa hapa Dar, wanafunzi 12 walikwenda barazani kwa Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe, wakazungumza juu ya mazingira. Ndipo ikazaliwa Roots & Shoots, ikasambaa duniani. Wale hawakuwa kwenye adhabu, bwana.

Juzi mdogo wangu wa darasa la tano karudi na mche wa mwembe.

"Umekosa nini?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Sijakosa kitu, kaka. Tumeambiwa kila mtu atunze wake. Nipishe nipite na ndoo."