Sufuria Moja, Mabinti Wawili

Mama aliingia na binti zake wawili. Mkubwa, mwenye miaka 17, alichagua kiti cha karibu na mlango. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, saa saba mchana, feni ya chumba changu inazunguka bila kuleta nafuu yoyote, na yeye alikuwa amevaa sweta. Nilipomwomba akunje mkono nimpime presha, niliona vinyweleo laini vimeota kuanzia kiwikoni, kama vya mtoto mchanga. Mdogo wake, wa miaka 11, alikuwa anamalizia andazi la safari huku akibembeza miguu.

"Nikipika chapati, Daktari, anaikatakata kama anayelisha vifaranga," mama alisema. "Vipande anavipanga pembeni mwa sahani. Anakula viwili, anasema ameshiba. Halafu alfajiri, kabla ya adhana, yuko uani anafagia. Jioni anafagia tena, hata kama hakuna jani lililoanguka."

Alikuwa ameshazunguka naye kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya. Minyoo, kifua kikuu, VVU, kisukari, tezi ya shingo, vyote vilipimwa na hakuna kilichoonekana. Hedhi ilikuwa imekatika miezi sita. Shangazi wa mtoto alisema ni jini na anatakiwa kunyweshwa kombe. Baba alisema ni kiburi cha simu. Mama mwenyewe alikuwa na swali moja, na aliliuliza akiwa ameinamia viganja vyake: "Wote nimewanyonyesha mimi. Wamekula sufuria moja. Mbona huyu tu? Nilikosea wapi?"

Binti yule alikuwa na anoreksia. Jina lenyewe, ukilifuata kwa asili yake ya Kigiriki, maana yake ni kukosa hamu ya kula, na tayari linapotosha, kwa sababu wagonjwa wengi njaa wanaisikia. Wanachofanya ni kuikatalia, siku baada ya siku, hadi mwili unakonda kiasi cha kuhatarisha moyo. Ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Wanaougua hufariki kwa kiwango kinachozidi mara tano kile cha watu wa rika lao, na katika vifo hivyo takriban kimoja kati ya vitano ni cha kujiua. Nasema haya mapema ili yeyote anayedhani tunazungumzia deko la msichana apate kukaa vizuri na kusikiliza.

Lawama kwa mama zina historia ndefu. Mwaka 1873 tabibu Charles Lasègue wa Paris aliuandika ugonjwa huu, na karibu wakati uleule William Gull wa London akaupa jina ambalo bado tunalitumia. Gull aliona kwamba ndugu wa mgonjwa ndio wauguzi wabaya kuliko wote, na ushauri wa kumtenga binti na wazazi wake ukashika. Miaka 100 baadaye, katika miaka ya 1970, bado wapo wataalamu wa Marekani waliokuwa wakieleza aina ya familia inayozaa ugonjwa huu: mama anayembana mtoto, baba asiyekuwepo, nyumba isiyokubali ugomvi kusemwa. Mama waliotoka katika vyumba vya waganga hao walitoka na mizigo miwili, mtoto mgonjwa na hatia.

Walioanza kuwatua mizigo hiyo ni mapacha.

Mapacha wanaofanana wana vinasaba vilevile kabisa. Wasiofanana wanashiriki takriban nusu, kama ndugu wengine wowote waliopishana miaka. Lakini aina zote mbili hukulia nyumba moja, kwa mama mmoja, sahani zao zikipakuliwa pamoja. Kwa hiyo kama ugonjwa unaletwa na malezi ya nyumbani, aina zote mbili zinapaswa kuugua kwa pamoja kwa kiwango kinachokaribiana. Mwaka 1984 watafiti wa London walichapisha hesabu ya mapacha wa kike ambao angalau mmoja wao alikuwa na anoreksia. Katika jozi 16 za wanaofanana, jozi 9 waliugua wote wawili. Katika jozi 14 za wasiofanana, waliougua wote wawili walikuwa jozi moja tu. Idadi ni ndogo, lakini pengo ni kubwa mno kulipuuza, na tafiti kubwa zaidi zilizofuata zimeelekea huko huko. Leo urithi wa anoreksia unakadiriwa kuwa kati ya asilimia 50 na 60. Bulimia, ambayo mgonjwa hula kupita kiasi kisha hujitapisha, nayo iko karibu na hapo. Kwa ndugu wa kike wa damu wa mgonjwa wa anoreksia, uwezekano wa kuugua umeonekana kuwa takriban mara 11 ya ule wa wanawake wengine.

Asilimia hizi zinaeleweka vibaya hata na madaktari wenzangu. Ukisikia asilimia 50, usidhani nusu ya ugonjwa wa binti yule imetoka kwa wazazi na nusu nyingine imetoka Instagram. Fikiria shule ya bweni ambako watoto wote wanakula ugali uleule na maharage yaleyale, kipimo kilekile, miaka minne. Mwisho wa miaka minne bado watatofautiana urefu, na sehemu kubwa zaidi ya tofauti hiyo sasa itakuwa ya urithi, kwa kuwa chakula kimesawazishwa. Wapeleke watoto haohao majumbani, wengine wenye shibe na wengine wa mlo mmoja, na sehemu ya urithi katika tofauti zao itapungua, ingawa vinasaba vyao havijabadilika hata kimoja. Takwimu ya urithi inahusu tofauti kati ya watu wa mahali fulani, wakati fulani. Ndiyo maana ninaamini hoja ya simu na hoja ya vinasaba hazigombani. Picha za wembamba zinapomfikia kila msichana wa mtaa kwa kipimo kimoja, kama ugali wa bweni, basi atakayeanguka ataamuliwa zaidi na kile alichozaliwa nacho.

Ni kitu gani hicho alichozaliwa nacho? Kwa miaka mingi watafiti walisaka jeni moja mkosaji. Hayupo. Ilibidi wakusanye damu na mate ya maelfu ya watu na kulinganisha vinasaba vyao herufi kwa herufi. Mwaka 2019 jopo la kimataifa, mmoja wa viongozi wake akiwa Cynthia Bulik wa Chuo Kikuu cha North Carolina, lilichapisha matokeo ya wagonjwa 16,992 na watu 55,525 wasio na ugonjwa, kutoka nchi 17. Walipata sehemu nane za vinasaba ambako wagonjwa wanatofautiana na wasio wagonjwa kwa namna isiyoweza kuwa bahati nasibu. Kila sehemu peke yake inasukuma kidogo sana, na nyuma ya hizo nane kuna mamia, pengine maelfu, ya nyingine ambazo bado hazijaonekana vizuri. Mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, kama mtu anavyogawiwa karata, na wasichana wawili wa tumbo moja hawagawiwi mkono mmoja. Hiyo ni sehemu ya kwanza ya jibu la mama.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonishangaza mimi mwenyewe. Ilitarajiwa kwamba vinasaba vya anoreksia vitashabihiana na vya magonjwa mengine ya akili, na vilishabihiana kweli: msonono, wasiwasi, na hasa ule ugonjwa wa kurudiarudia mambo, wa mtu anayeosha mikono mara 40 au kukagua kufuli usiku kucha. Vilishabihiana pia na tabia ya mwili kupenda kujishughulisha, jambo linalonirudisha kwenye ule ufagio wa alfajiri. Lakini vilihusiana vilevile na mambo ya mwili mtupu: namna insulini na sukari zinavyodhibitiwa, mafuta ya kwenye damu, na uzito. Vinasaba vinavyoelekeza kwenye anoreksia vinaelekeza pia kwenye uzito mdogo na insulini ya chini, na vinakwenda kinyume na vile vya kisukari cha aina ya pili. Kwa maneno mengine, ugonjwa huu una mguu mmoja kichwani na mwingine kwenye umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula.

Ili kuona uzito wa jambo hili, tazama mwili wa kawaida unapokosa chakula. Mnamo 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Akili zao ziligeuka chakula kitupu. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani. Walipofunguliwa, wengi walikula kwa wingi wa kutisha kwa wiki nyingi. Mwili ulikuwa unadai deni lake. Hivyo ndivyo miili ya wengi wetu inavyofanya, na kila aliyewahi kujinyima kabla ya harusi anajua kilo zinavyorudi mbio.

Kwa baadhi ya watu deni halidaiwi hivyo. Wagonjwa wangu husema njaa inawatuliza, kwamba wasiwasi unaowasaga mchana kutwa hupungua tumbo likiwa tupu, na kula ndiko kunakouamsha. Watafiti wengi sasa wanaona kwamba kwa mwenye mchanganyiko fulani wa vinasaba, kupungua uzito kwenyewe kunafungua mlango, bila kujali kilichosababisha. Inaweza kuwa kujinyima kwa makusudi, lakini inaweza pia kuwa taifodi, mazoezi ya riadha, au mfungo uliozidishwa. Panya wa maabara hutuonyesha kitu kinachofanana: wakipewa gurudumu la kukimbilia na chakula kwa saa chache tu kwa siku, hukimbia zaidi badala ya kupumzika, wengine hadi kufa.

Hapo ndipo ninapopingana na usemi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima wasichana 668 wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Walipatikana 10 ambao wembamba wao haukuwa na sababu nyingine isipokuwa kujinyima chakula. Hawakuwa wakiogopa kunenepa. Walieleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini, ya kuitawala nafsi na kuishinda njaa. Daktari anayesubiri msichana aseme "naogopa unene" angewapita wote. Na hapa Pwani, ambako binti anayefunga sana husifiwa kwa uchamungu, tunahitaji macho makini zaidi, bila kuikosea heshima funga ya mtu yeyote.

Kuna jambo linaloniuma katika utafiti ule wa 2019. Nchi 17, watu zaidi ya 70,000, na wote waliochambuliwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba kuliko bara lolote, na bado hatumo. Hili si jambo lisilowezekana kwetu: mradi wa NeuroGAP umekusanya mate ya maelfu ya watu Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini kwa ajili ya kuchunguza skizofrenia na baipola. Wataalamu wapo, maabara zipo. Matatizo ya ulaji hayamo katika mradi huo.

Kwa hiyo mama aliponiuliza kama mdogo mtu apimwe damu ijulikane mapema, nilimwambia ukweli. Kipimo hicho hakipo popote duniani, na anayeuza kitu kama hicho anauza hewa. Vinasaba vyote vilivyogunduliwa, ukivijumlisha, bado haviwezi kumwambia mtu mmoja kama ataugua. Dada wengi wa wagonjwa hawaugui kamwe.

Lakini sikumwachia hapo, kwa sababu umri wa yule mdogo ulikuwa na maana. Tafiti za mapacha wa Minnesota zimeonyesha kwamba kabla ya balehe mchango wa vinasaba katika matatizo ya ulaji ni kama haupo, kisha msichana akivunja ungo unapanda hadi karibu nusu. Homoni zinaelekea kuwasha kilichokuwa kimelala. Miaka miwili mitatu inayokuja ndiyo ya kuangalia. Nilimwomba mambo machache tu. Mtu yeyote nyumbani, shangazi akiwemo, asitaje mwili wa mtoto, umenenepa au umekonda. Asianzishiwe mpango wowote wa kupunguza mwili, wala zile chai zinazouzwa mtandaoni. Na mtoto akiugua malaria au tumbo akapungua, mama ahakikishe uzito umerudi, asiridhike kwa kuwa homa imepoa.

Kuhusu mkubwa, tulimlaza siku ileile. Mwili uliokonda namna ile ukilishwa ghafla, madini ya kwenye damu huporomoka na moyo unaweza kusimama, kwa hiyo wiki ya kwanza ni ya vipimo vya kila siku na chakula cha kupandishwa taratibu. Baada ya hapo tulimrudishia mama kile ambacho Gull alimnyang'anya. Tangu miaka ya 1980, katika hospitali ya Maudsley ya London, ilianza kutumika njia ya kuwaachia wazazi kazi ya kumlisha kijana wao nyumbani, kila mlo, wamekaa naye mezani hadi sahani iishe, na daktari pembeni yao. Kwa vijana ambao ugonjwa haujakaa muda mrefu, hakuna njia ambayo ina ushahidi mzuri kuliko hiyo.

Baba alikuja wiki ya tatu. Alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba dada yake, yule shangazi wa kombe, alipokuwa msichana aliwahi kukonda hivyo hivyo, kwao kijijini, kabla hakujawa na simu wala televisheni. Walimwita Sindano. Hakuna aliyejua ni nini, na alipopona hawakulisema tena. Nilimuuliza kama shangazi angekubali kuja kuzungumza na binti. Alikuja Jumamosi, akiwa na chapati ndani ya hotpoti, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.