Na mtoto wa Mkuu naye aufikie mlima

Mtoto wa Mkuu akitoka nje alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, anakutana na Mawenzi, imechongoka kama meno ya msumeno, huku Kibo ikiwa nyuma yake. Ni mlima wa kwao. Lakini muulize huko juu kukoje. Wengi watakusimulia walichosikia kwa mjomba aliyewahi kubeba mizigo ya wageni.

Wapo watoto wa nchi za mbali, ambao huenda hawajawahi kuuona hata mgomba, walioupanda mlima huo bila kutoka darasani. Mpango wa GLOBE, unaounganisha shule na wanasayansi tangu 1995, ulikuwa na mradi kuhusu misimu na uoto ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks. Kupitia mradi huo, misafara yenye walimu ilipanda Kilimanjaro, na wanafunzi waliobaki kwao wakaifuatilia kwa intaneti.

Walichagua mahali pazuri. Ndani ya siku chache msafiri hutoka kwenye migomba na kahawa, akapita msitu mnene, vichaka vya baridi, jangwa la mawe, hadi kwenye barafu ya kilele chenye mita 5,895. Mwalimu wa jiografia angetafuta nini zaidi?

Huyo wa Mkuu anakosa nini basi? Nauli ya kwenda ng'ambo ni ndoto kwa wazazi wengi, na hata kuingia hifadhini kuna kiingilio. Mtandao, kwa bahati nzuri, umesogea. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Baada ya sensa ya mwaka huohuo, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, lakini kishikwambi cha mwalimu kinaweza kutazamwa na darasa zima kwa zamu.

Mwenye hofu ya mtandao kukatika amtazame Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa Keriko, kijijini katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Alikwenda kwenye vibanda vya intaneti, akapakua masomo, akarudi nayo darasani. Hakusubiri mnara ujengwe mlangoni kwake.

Hata hivyo, kuwaonyesha watoto video tu ni sawa na kuwapeleka sinema. Safari huanza na swali. Kutoka Horombo hadi kileleni ni mita 2,175, na joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Je, kutakuwa na baridi kiasi gani? Watoto wapige hesabu kwanza (jibu ni pungufu ya nyuzi 13 hivi), kisha ndipo waulize aliyeko juu kipimo chake kinasoma ngapi. Majibu yakitofautiana, hapo ndipo somo linapokolea.

Wala safari haina haja ya kwenda upande mmoja. Darasa la Mkuu nalo lina cha kuwatembeza wenzao wa ng'ambo: kihamba chenye kahawa chini ya migomba, mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, bibi anayejua mwaka gani mvua zilichelewa. Mzazi anaweza kusaidia kwa mchango mdogo wa bando, au kwa kumruhusu mwalimu aje na watoto shambani kwake.

Saa nayo ipangwe mapema. Saa nne asubuhi Mkuu, kule Alaska ni usiku wa jana yake, na watoto wamelala. Ndiyo maana madarasa mengi hurekodi na kutumiana, wakaacha mazungumzo ya moja kwa moja kwa nchi ambazo jua lake halipishani sana na letu.