Zamu, Familia na Kalamu: Mfano wa Ndiva za Upare

Hakuna mtumishi wa afya asiyeandika. Muuguzi wa zahanati ya mlimani wilayani Same hushika kalamu tangu asubuhi: hujaza vitabu vya MTUHA, kadi za kliniki ya mama na mtoto, fomu za rufaa na hesabu ya dawa. Jioni mkono umechoka, na bado hajaandika neno hata moja lililo lake. Mambo aliyoyaona mwenyewe hubaki kichwani: mgonjwa ambaye dalili zake hazikufanana na za kitabuni, sababu iliyowafanya kina mama wa kitongoji fulani wachelewe kuja kujifungua, jina ambalo wazee huupa ugonjwa fulani kwa Chasu. Akihamishwa kituo, huondoka nayo.

Hasara hiyo hupimika. Kati ya 1954 na 1959 Upare ya Kusini na Taveta zilikuwa eneo la jaribio kubwa la kudhibiti malaria, lililoendeshwa na taasisi ya utafiti wa malaria ya Amani. Nyumba zilipuliziwa dieldrini, watu wakapimwa damu, vizazi na vifo vikahesabiwa. Miaka kumi baada ya jaribio kukoma, mwaka 1969, mtafiti G. Pringle aliweza kuzirejea kumbukumbu zile na kuchapisha uchambuzi wa jinsi udhibiti wa malaria ulivyohusiana na kupungua kwa vifo vya watu wa eneo hilo, watoto wachanga wakiwemo. Aliweza kwa sababu kulikuwa na waliokaa chini wakaandika, siku baada ya siku, baada ya kazi ya kupanda na kushuka milima. Kuna magonjwa mangapi ya Gonja, Chome au Mamba ambayo hayana kumbukumbu ya namna hiyo?

Wanaoulizwa kwa nini hawaandiki hujibu kwamba hawana muda, na jibu hilo ni la kweli. Zahanati yenye watumishi wawili haina saa ya ziada. Nyumbani kuna watoto, kuna wazazi waliozeeka, kuna shamba la tangawizi au mahindi, na mara nyingi kuna msiba wa kuhudhuria upande wa pili wa mlima. Ushauri unaotolewa kwa wepesi ni kwamba mwandishi aamke saa tisa usiku aandike hadi alfajiri. Kitabibu, huo ni ushauri mbaya kwa mtu anayetoka zamu ya usiku. Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba, ikilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Makala iliyoandikwa kwa kuuibia mwili usingizi ina gharama yake, hata kama gharama hiyo haionekani kwenye ukurasa.

Wapare walikwisha kukabiliana na uhaba wa aina nyingine, uhaba wa maji, na njia waliyoibuni inastahili kutazamwa kwa makini. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa mlimani kwenye njia ya mfereji. Kijito cha kiangazi ni chembamba. Kikiachwa kitiririke moja kwa moja, maji hunywewa na udongo wa mfereji kabla ya kufika shamba la mbali. Kwa hiyo usiku maji huelekezwa ndivani yakusanyike. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji yale yale machache hutoka kwa nguvu, yakafika mbali. Kila mkulima ana zamu yake, nayo hujulikana. Ugomvi huzuka pale mtu anapochepusha maji nje ya zamu.

Dakika tano za mtumishi wa afya ni kama kijito hicho. Akijaribu kutunga makala ndani yake, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, hunywewa zote na juhudi ya kukumbuka alipoishia. Zikitumika kukusanya tu, hazipotei. Daftari dogo la mfukoni linatosha: mstari mmoja kuhusu dalili, swali moja, neno moja la Chasu. (Jina la mgonjwa lisiandikwe humo kamwe, wala chochote kinachoweza kumtambulisha, na habari ya mgonjwa haichapishwi bila ridhaa yake.) Uandishi wenyewe hungoja zamu yake, wakati daftari limekwisha kujaa na mwandishi hahitaji kuanza na ukurasa mtupu.

Zamu hiyo si lazima iwe ndefu. Anayeandika maneno 150 kwa dakika thelathini, mara tatu kwa wiki, hupata maneno 450. Taarifa fupi ya mgonjwa mmoja, yenye maneno kama 1,500, hukamilika rasimu yake chini ya mwezi. Lililo gumu zaidi ni kuipata nusu saa yenyewe, na hapo mazungumzo ya nyumbani hayakwepeki. Muuguzi mwanamke akitoka zamu hukuta kuni, maji na chakula cha jioni vikimngoja, ilhali mwenzake wa kiume aghalabu hukuta chai. Kumwambia mwanamke huyo ajipangie muda vizuri ni kumkejeli. Mume na watoto wakubwa wanapaswa kujua kwamba Jumanne na Alhamisi jioni kuna zamu ya kalamu, na nani atakayepika. Naye aliyepewa zamu hiyo anapaswa kuirudisha siku nyingine.

Kwamba inawezekana, Margaret Ogola wa Kenya alidhihirisha. Alikuwa daktari bingwa wa watoto, mke na mama, na aliongoza kituo cha Cottolengo jijini Nairobi kilichowalea yatima wenye virusi vya UKIMWI. Riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ilitoka mwaka 1994 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ile iliyoifuata, I Swear by Apollo, ilitoka mwaka 2002. Miaka minane ilipita kati ya vitabu viwili, na hakuna msomaji aliyemdai kwa kuchelewa.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alichukua muda mrefu zaidi. Kitabu chake cha historia ya siasa za Wapare, kilichotokana kwa sehemu kubwa na masimulizi ya wazee, kilitoka mwaka 1969. Kile kuhusu Upare na uchumi wa dunia kilitoka mwaka 1991. Katika miaka hiyo 22 alifundisha, alihariri na kuandika kazi nyingine, na alishika nyadhifa za juu za utawala katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lengo, basi, lilingane na msimu. Miezi ya masika, wagonjwa wa homa wanapojaa na barabara za mlimani kuteleza, mtumishi aridhike na kujaza daftari tu. Aandike kiangazi. Anayeanza hahitaji kujiahidi kitabu. Ukurasa mmoja kuhusu mgonjwa mmoja unatosha kwa mwezi wa kwanza. Ukikamilika, ausome kwanza mwenzake wa zahanati aliyemwona mgonjwa yule yule. Yeye ndiye atakayejua kama homa ilianza siku ya tatu au ya tano.